Gari Inaumwa Tunduru, Fundi Anapima Songea

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na nne, mvi sina hata ya kuazima, na sherehe ya kuniaga ilikuwa soda moja tuliyogawana watu wanne. Vilivyotangulia kustaafu ni vidole vyangu. Mwaka jana mpira wa gesi ulinichomoka mkononi, gesi ikamwagikia vidole vitatu vya kushoto, vikawa vyeupe kama nimetoka kusonga ugali. Daktari akasema ngozi itarudi, ila kuhisi hajui. Ngozi imerudi. Kuhisi bado kuko njiani, nadhani gari iliharibika.

Na kazi yetu mnaijua, nusu yake ni kupapasa mabomba. Fundi wa AC asiyejua bomba lipi la moto na lipi la baridi ni abiria tu aliyevaa ovaroli. Basi nikavifuata vidole vyangu kustaafu. Sasa nakaanga chipsi pale Msamala, na ule mkono mafuta yakiurukia haulalamiki. Faida hiyo hospitali hawakunitajia.

Nyie mnaobaki gereji mmesema niwaandikie mambo ya kazi. Najua mlitaka tu nishike kalamu ili mdomo upumzike. Haya. Ila mimi ni wa darasa la saba, msinikagulie nukta.

Siku ya kwanza nilikuja nimevaa shati la kanisani. Nilidhani gereji ni ofisi. Mzee Haule, ambaye wengi wenu hamkumkuta, Mmatengo wa kule Mbinga, mtu wa maneno machache kama simu isiyo na salio, aliniangalia kuanzia kola mpaka viatu. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuoa?"

Nikacheka peke yangu. Akanivuta mpaka kwenye gari lililokuwa linanguruma, akashika mkono wangu, akaubandika kwenye bomba moja. La baridi, linatoa jasho. Akauhamishia kwenye jingine. Niliruka nikagonga kichwa kwenye boneti.

"Tayari umesoma," akasema. "Hilo la moto linatoka kompresa. Hilo la baridi linarudi. Mengine yote tutakayoongea hapa ni habari za katikati ya hayo mawili."

Lile shati nililifulia sabuni ya unga, ya mche, na mwisho sala. Doa lipo mpaka leo.

Jina la Friji alinipa yeye huyo huyo. Mchana nilikuwa naiweka soda yangu mbele ya tundu la AC ya gari la mteja, nasema napima ubaridi. Siku moja mwenye gari akarudi mapema, akaikuta, akainywa. Mzee Haule akasema, "Huyu sio fundi, ni friji." Mimi ndo niliyeumia, soda yangu na jina jipya siku moja.

Sasa niwaambie kuhusu kompresa inayoshika na kuachia, maana hiyo kesi mtaikuta mpaka mzeeke. Gari inakuja, AC inawashwa, unasikia tak, imeshika. Sekunde chache, tak, imeachia. Tena tak. Mwenye gari anasema kompresa imekufa. Fundi mvivu anasema ndiyo imekufa, nunua nyingine. Mzee Haule alikuwa anasema hivi: kompresa haina wazimu, kuna mtu anaikata. Mtafute. Basi ukimwambia, "Mzee, inashika na kuachia," yeye hasemi kitu, anauliza, "Nani anaikata?" Unarudi kwenye gari na aibu yako.

Wanaokata sio wengi. Gesi ikiwa kidogo, ile swichi ya presha inakata kuilinda kompresa isizunguke kavu. Gesi ikizidi au mbele kukiziba, presha ya juu inapanda, inakata isipasuke. Ubaridi ukishatosha kule ndani, nao unakata ili pasigande barafu, na huyo hana kosa, anafanya kazi yake. Halafu umeme: relei, waya, klachi ya kompresa iliyochoka. Niliwahi kuhangaika siku nzima na gari ya padri mmoja, kumbe panya walikuwa wamekula waya wa feni wakabakiza kidogo, gari ikipita kwenye shimo feni inazunguka, barabara ikiwa nzuri inasimama. Padri akauliza kama ni mapepo. Nikamwambia, padri, hayo ni ya idara yako, ila haya yana mkia.

Lakini kesi niliyotaka kuwaandikia ni nyingine.

Nilikuwa na miaka saba kazini, najiona najua. Mkijiona mnajua, mjipime homa. Mzee Haule alikuwa na mzani mdogo wa namba, wa kupimia gesi inayoingia kwenye gari, maana pale chini ya boneti pana karatasi inasema gari hii inakula gesi gramu kadhaa, haitaki zaidi. Mimi mzani niliuona unachelewesha. Nina geji, sindano ya bluu inasoma presha ya chini na nyekundu inasoma ya juu, nina vidole, mzani wa nini? Na shangazi yangu aliyekuwa anauza dagaa wa Nyasa hapo Msamala, mzani wake ulikuwa umekufa. Nikamwazima huu wa gereji. Siku mbili tu, nikamwambia.

Zikapita wiki. Mzee Haule akauliza, "Mzani uko wapi?"

"Uko salama, mzee."

Sikudanganya. Hakuna mzani uliokuwa salama kama ule, ulikuwa unalindwa na shangazi na paka wawili.

Julai hiyo akaja Rajabu. Rajabu ni dereva wa Bi Zuhura, mama mmoja wa Tunduru mwenye duka na biashara ya korosho. Mpole, mrefu, anainama hata kwenye milango mirefu. Familia yake iko Mbesa, mke na watoto wanne, na hana kazi nyingine anayoijua, jembe alishaliaga zamani. Alikuja na Noah nyeupe ya bosi wake, asubuhi, baridi ile ya Songea ya kukufanya uongee na moshi.

"Fundi, AC inashika na kuachia. Mama kaisikia, kasema nisirudi nayo hivi."

Nikawasha. Tak. Tak. Nikafunga geji. Bluu iko chini. Nikasema hii gesi ndogo. Nikaongeza, nikaongeza, mpaka ikatulia. Upepo uliokuwa unatoka ungegandisha maziwa. Rajabu akatetemeka akaomba nizime. Nikampigia saluti, akaondoka.

Baada ya wiki mbili karudi. "Fundi, Tunduru haipoi. Inakata, inatoa hewa ya moto. Mama kavimba."

Alifika jioni, nikaiangalia asubuhi. Baridi ile ile. Nikawasha, tak, tak, inakata. Nikasema aaa, kumbe niliibania. Nikaongeza tena kidogo, ya sikukuu. Ikapoa safi. Rajabu akaondoka.

Akarudi tena Agosti. Safari hii hakushuka haraka. Alikaa kwenye usukani ameshika ufunguo.

"Friji," akaniita jina, sio fundi, "mama kasema hivi: hii mara ya tatu. Gari ikirudi haipoi, niegeshe, niache ufunguo mezani, niende Mbesa. Anasema labda nakuja huku kunywa ulanzi, gari sileti kwa fundi."

"Wewe na ulanzi wapi na wapi?"

"Ndo nashangaa na mimi. Hata harufu siijui."

Nikataka kufunga geji. Mzee Haule alikuwa amekaa kwenye tairi lake anakunywa chai, akasema bila kuinuka, "Unafanya nini?"

"Naipima, mzee."

"Inaumwa wapi?"

"AC."

"Sijakuuliza inaumwa nini. Nimekuuliza wapi."

"Inaumwa... Tunduru."

"Na wewe unaipima wapi?"

Nikaangalia koti langu. 

"Gari inaumwa Tunduru, wewe unaipima Songea, kivulini, umevaa koti. Nenda nayo." Akainuka, akaanza kupakia vitu nyuma ya Noah: geji imeviringishwa kwenye taulo, pampu ya kufyonza hewa, mtungi mtupu, mtungi wa gesi, mipira. Kila kitu. Baadaye sana ndo nilikuja kufikiria kwamba alipakia kila kitu isipokuwa mzani, na hakuuliza uko wapi.

Tukaondoka na Rajabu. Kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye gari niliyoitengeneza kama mtu wa kuipanda. Mpaka Namtumbo AC ilikuwa inapiga vizuri, mimi najisifu, Rajabu anaitikia tu ndiyo, ndiyo, kama mtu yuko msibani. Tulipoipita Namtumbo koti nikavua. Mbele kidogo nikafungua na shati. Jua lile sio la kwetu. Na hapo nikasikia. Tak. Upepo ukawa wa vuguvugu. Tak, ukapoa. Tak, ukafa tena.

"Unaona?" Rajabu akasema. "Huo ndo ugonjwa. Songea haiumwi, inasubiri nifike huku."

Tukasimama pembeni. Nikafungua boneti, nikafunga geji. Sindano nyekundu inapanda, inapanda, inafika juu kabisa, tak, inakata, inashuka. Sio gesi ndogo. Presha imezidi. Nikaanza kutafuta nani anaikata. Feni inazunguka. Nikainama mbele ya gari, nikachungulia kwenye grili, nikaona maandishi ya sabuni.

Lilikuwa boksi. Boksi la sabuni limekunjuliwa, limechomekwa vizuri kati ya grili na kondensa, ile ya mbele ya rejeta inayotoa joto la gesi nje. Kama mtu amefungiwa mto usoni.

Rajabu alipoliona alikaa chini, kwenye changarawe.

"Lile boksi la Njombe," akasema. "Wiki iliyopita mama alinituma Njombe kufuata viazi. Kule baridi, injini haipati moto, madereva wote tunaweka boksi. Nilisema nikishuka nitalitoa." Akashika kichwa. "Friji, bosi akijua hili nimekwisha. Miezi miwili anateseka na joto, kumbe boksi langu."

Sasa niwaambie ukweli, maana nimestaafu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu nikageukia porini. Maana tangu sindano ilipopanda, nilikuwa naiwaza ile gesi niliyoongeza mara mbili kwa macho, kwenye baridi ya Songea. Boksi likanipa pumzi. Nikalichomoa, nikalitupa kiti cha nyuma. Sindano ikashuka. AC ikapoa. Nikasema, "Umeona? Ni hilo tu. Usijali, hatutamwambia mtu."

Tukaenda. Gari ikiwa kwenye mwendo inapata upepo, inapoa. Tulipoingia Tunduru mjini, mwendo wa nyuma ya bodaboda na mikokoteni, jua la saa saba limekaa juu ya paa, nikasikia. Tak.

Rajabu akanitazama. Mimi nikatazama duka la nguo.

Tak.

"Labda boksi lilishaiunguza kompresa," akasema polepole. 

Bi Zuhura alikuwa barazani kwake, kiti cha mbao, kanga, miwani, kalamu nene ya wino ya kuandikia magunia ya korosho imekaa sikioni kama fundi seremala.

"Asalaam aleikum," Rajabu akasema.

"Waaleikum salaam. Hewa imekuja au umekuja peke yako?"

"Nimekuja na fundi, mama."

"Aaa. Huyu ndiye?" Akanipima. "Nilidhani fundi ni mtu mzima. Karibu, mwanangu. Leo hulali mpaka nitetemeke."

Nikaenda moja kwa moja kwenye boneti, nikafunga geji, gari ikiwa imewashwa. Yeye akazunguka, akavuta mlango wa nyuma aangalie kama viti vimechafuliwa. Kwa hiyo haya mawili yalitokea kwa pamoja: mimi naona sindano nyekundu inapanda mpaka juu, mbele kuko wazi, feni inazunguka, hakuna boksi, na yeye amelinyanyua boksi kwa vidole viwili.

"Rajabu. Hili linafanya nini kwenye kiti changu?"

 Rajabu, ambaye angeweza kusema limeokotwa, akasema, "Mama, hilo niliziba mbele siku ile ya Njombe. Nikasahau kulitoa. Linazuia hewa. Ni mimi."

"Boksi la sabuni."

"Ndiyo mama."

"Miezi miwili naoga jasho kwenye gari yangu mwenyewe sababu ya boksi la sabuni."

"Nisamehe, mama."

"Nipe ufunguo."

Rajabu akazima gari, akachomoa ufunguo, akampa kwa mikono miwili. Halafu akafungua mlango wa dereva, akatoa kofia yake, akatoa kikombe chake cha plastiki cha bluu kilichokuwa kwenye mfuko wa mlango. Akasimama navyo. Mtu mrefu vile, ameshika kikombe.

Mimi nimeinama chini ya boneti. Nikafikiria hivi: sihitaji kusema uongo. Ninyamaze tu. Jioni nitatoa gesi kidogo, gari itapoa, boksi litabeba lawama, boksi halina mdomo. Mzee Haule hatajua. Jina la gereji litabaki zima.

Rajabu akaja kando yangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, samahani sana. Nimekusumbua safari yote hii bure."

Aliniomba mimi samahani. Laiti angenitukana, pengine leo nisingekuwa na cha kuwaandikia.

"Mama," nikasema, "naomba huo ufunguo kidogo."

"Wa nini?"

"Usikilize kitu."

Akanipa kwa mashaka. Nikawasha. Nikasema, "Sikiliza." Tukasikiliza watu watatu na kuku mmoja. Tak. Imeshika. Tukasubiri. Tak. Imeachia.

"Boksi tulilitoa njiani," nikasema. "Boksi unalo wewe mkononi. Sasa hivi nani anaikata?"

"Unaniuliza mimi?"

"Hapana, mama. Ni mimi. Nimeijaza gesi kupita kiasi. Mara mbili. Boksi hata kuwepo halikuwepo mara zile ulizolalamika mwanzo, limewekwa wiki iliyopita tu. Rajabu hana kosa la kumfukuzisha kazi."

Bi Zuhura akavua miwani. "Kwa nini umeijaza?"

"Kwa sababu Songea kuna baridi."

"Songea kuna baridi, ndo gesi mnanijazia mimi?"

Rajabu akakohoa. Nikamwelezea: asubuhi ya baridi kompresa inajikatia yenyewe, maana ndani kumeshapoa, inajipumzisha, sio ugonjwa. Na geji nayo kwenye baridi inasoma chini. Mimi nikadhani ina njaa, nikailisha. Ikishuka huku kwenye jua ile gesi inavimba, presha inapaa, inakata isipasuke.

"Kwani gesi mnapima kwa nini?"

"Kwa mzani."

"Na wewe huna mzani?"

"Upo, mama."

"Uko wapi?"

Hapo nilitamani ardhi ya Tunduru, na vito vyake vyote, inimeze. "Unapima dagaa."

Akarudisha miwani machoni. Halafu akasema, "Mimi nikimpimia mtu korosho kwa macho, duka linachomwa na mimi nikiwa ndani. Wewe unapima kwa macho, halafu anayefukuzwa ni dereva wangu." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Akageuka. "Rajabu! Umesimama na kikombe unasubiri chai? Weka vitu vyako kwenye gari, kalete mzani wa dukani. Na wewe fundi, unataka nini kingine?"

"Barafu, mama. Ndoo nzima kama ipo."

"Barafu! Uipooze gari kwa barafu?"

Wadogo zangu, hii hamjaiona, siku hizi mna mashine. Mtungi mtupu ukiuzamisha kwenye ndoo ya barafu, gesi ya kwenye gari inakimbilia kule kwenye ubaridi, inaingia mtungini yenyewe. Haimwagwi hewani. Mzee Haule alikuwa anaona kumwaga gesi ni kama kumwaga mboga. Bi Zuhura alikuwa na friji imejaa barafu za mifuko za kuwauzia watoto. Zote zikaingia kwenye ndoo. Watoto wa jirani walinichukia siku hiyo.

Nikaitoa yote. Nikachomeka pampu kwenye umeme wa barazani, ikafyonza hewa mpaka nikaridhika, Rajabu anashika tochi ya simu mchana kweupe, hakuna aliyemwambia. Mzani wa duka ukaja, nikauzuia na kipande cha ubao usicheze, mtungi juu yake. Nikasoma karatasi ya chini ya boneti. Halafu nikasoma namba zinavyoshuka, gramu kwa gramu, na Bi Zuhura amesimama begani kwangu anasoma na yeye, maana mzani ni kitu anachokijua kuliko mimi. Zilipofika, yeye ndo alisema, "Basi! Funga."

Nikafunga.

Nikawasha. Tak. Tukasubiri ile ya pili. Haikuja.

"Ingia," Bi Zuhura akaniambia. Tukaingia wote watatu, vioo juu, gari juani kabisa, injini inanguruma. Sikuruhusiwa kushuka. Geji nimeifungua, kwa hiyo sina cha kuangalia, nasikiliza tu, nasali rozari kwa vidole vya miguu. Tukakaa mpaka adhana ya alasiri. Bi Zuhura akajifunika kanga mabegani, akasema, "Hapo sasa."

Nikadhani yameisha. Akashuka na boksi, akaliweka juu ya gunia, akatoa kalamu sikioni.

"Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Ulichosema. Mimi nina hasira. Siku gari hii ikikohoa nitasahau haya, nitamrukia tena huyu. Andika nikumbuke."

Nikaandika, herufi kubwa: SIO RAJABU. NI MIMI NILIJAZA GESI BILA KUPIMA. FUNDI FRIJI, SONGEA.

Akasoma. "Friji ni jina?"

"Ndo ninavyoitwa."

"Kosa halisainiwi kwa jina la utani. Andika ulilobatizwa."

Nikakata Friji, nikaandika Festo Komba. Akalipigilia misumari ukutani, juu ya mahali anapopimia korosho. Halafu akamtupia Rajabu ufunguo bila kumwangalia, Rajabu akaudaka.

"Mpeleke fundi akale. Amekonda kwa ujanja."

Nilirudi Songea kesho yake. Mzee Haule yuko kwenye tairi lake.

"Ilikuwa nani?" akauliza.

"Mimi, mzee."

"Haya. Kaufuate mzani."

Hayo tu. Nikaenda Msamala. Shangazi ananifungia dagaa wa kunifariji huku anauliza, "Siku mbili zimeshaisha?"

Tangu hapo, na nyie mmelikuta hili hamjui lilikotoka, gari ikiingia hatufungui boneti kabla ya kuuliza: inaishi wapi? Ya Peramiho, ya Mbamba Bay, ya Tunduru, haziumwi sawa. Mkiiona inashika na kuachia asubuhi ya Julai, kunyweni chai kwanza, isogezeni juani, ichemke, ndo muifungie geji. Na mwangalie mbele ya rejeta. Mtanishukuru.

Mzee Haule alirudi kwao Mbinga kwenye kahawa yake. Wateja wa Tunduru wakaongezeka, wanafika wanauliza, "Yuko wapi yule fundi wa boksi?" Nilikuwa naona aibu. Baadaye nikazoea. Baadaye nikawa naitika.

Wiki ya mwisho, mlikuwepo wengine, Rajabu alikuja na ile Noah. Nilishika mabomba mawili kama siku ya kwanza, la moto na la baridi, kwa vidole vile vitatu. Vyote sawa. Nikamwambia Rajabu, "Shika wewe, uniambie."

Akashika. "Hili la moto. Hili," akacheka, "hili ni uso wa mama siku ile."

Nikaitoa gesi yote, nikairudisha kwa mzani. Vidole vilikuwa vimeniaga, mzani ulikuwepo. Nilipomaliza akafungua mlango wa nyuma, akatoa mfuko wa korosho na kitu kipana kimefungwa kwa kanga.

"Mama kakusalimia. Kasikia unaacha kazi. Kasema cheti kirudi kwa mwenyewe."

Lilikuwa boksi. Limefifia, lina matundu manne ya misumari, lakini linasomeka lote. Friji imekatwa, Festo Komba ipo.

Chuo sikwenda. Cheti cha ufundi sina, hakuna hata karatasi moja duniani inayosema mimi ni fundi, isipokuwa hiyo. Nimelipigilia kwenye kibanda changu cha chipsi, juu ya karai. Watu wakisubiri viazi viive wanasoma, wanauliza, nawasimulia.

Mzani nimewaachia rafu ya chini, kushoto. Unanuka dagaa, ila haudanganyi. Boksi siwaachii. Andikeni la kwenu.